Bando haliishi, humalizwa

Katika vyuo vyetu siku hizi hakuna udhuru uliozoeleka kuliko huu: "Mwalimu, bando limeisha." Mwanafunzi hakuwasilisha insha yake kwa wakati, bando limeisha. Alitoweka katikati ya kipindi cha mtandaoni, bando limeisha. Hakuliona tangazo la mtihani wa majaribio, bando limeisha. Wapo wahadhiri ambao wakiyasikia maneno hayo hutabasamu kwa kejeli, wakayatia katika kapu moja na yule nyanya anayezikwa mara tatu katika muhula mmoja. Mimi naamini kwamba aghalabu mwanafunzi husema kweli. Kinachonitatiza ni sarufi ya kauli yenyewe.

"Kuisha" ni kitenzi kisichobeba yambwa. Kiima chake ni kile kile kitu kilichotoweka: maji yameisha, unga umeisha, mshahara umeisha. Mtendaji hatajwi, wala nafasi ya kumtaja haipo. Kila mzazi amekutana na hila ya aina hii kinywani mwa mtoto: glasi haikuvunjwa na mtu, glasi "imevunjika", kana kwamba ilijitupa sakafuni kwa hiari yake. Sasa linganisha na "kumaliza". Kitenzi hiki humtaka mtu wa kumaliza na kitu cha kumalizwa, na hata kikitiwa katika kauli ya kutendwa bado msikilizaji hubaki akiuliza: limemalizwa na nani? Hilo ndilo swali ambalo mwanafunzi aliyenunua gigabaiti moja asubuhi na kukuta patupu jioni anapaswa kuliuliza, na ndilo ambalo mazoea ya kusema "limeisha" humsahaulisha.

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba amelimaliza mwenyewe kwa kutazama vichekesho. Silikatai. Video ndiyo mlaji mkuu wa data, na vijana wetu hawaishi kwa vitabu pekee. Lakini jibu hilo halitoshi, maana simu ya kisasa hula hata isipolishwa. Ikiwa imelala mezani, kioo kimezimika, mwenyewe yu darasani anamsikiliza mwalimu wa fasihi, ndani yake mna shughuli tele. Programu ya barua pepe inauliza kama kuna barua mpya. Picha za harusi ya binamu zinapelekwa kuhifadhiwa mbali. Matangazo ya biashara yanapakuliwa yakae tayari. Mchezo uliochezwa mara moja tu mwaka juzi unajisasisha kwa bidii, ungali na matumaini kwamba utachezwa tena.

Waingereza huziita shughuli hizi kwa neno lenye maana ya sehemu ya nyuma ya picha, na baadhi ya watafsiri wetu wakawafuata kwa kuunda "mandharinyuma". Wengine wamesema "chinichini". Mimi nawaunga mkono hawa wa pili. Mandharinyuma ni kitu kisichomdhuru mtu. Ni ule mlima ulio nyuma ya bwana harusi. Chinichini ni neno lililokomaa katika Kiswahili kabla ya simu yoyote kuwashwa, na kila mzungumzaji anajua kwamba mambo ya chinichini ni yale yanayofanywa mwenye mali asijue. Kikulacho, walisema wahenga, ki nguoni mwako. Na simu haikai kwingine ila mfukoni.

Isidhaniwe kwamba haya ni malalamiko ya wanyonge wa Afrika peke yao. Tarehe 1 Julai 2025, jopo la raia walioketi kuamua kesi mjini San Jose, katika jimbo la California nchini Marekani, lilikata kwamba kampuni ya Google iwalipe watumiaji wa simu za Android wa jimbo hilo zaidi ya dola milioni 314. Kesi ilifunguliwa mwaka 2019 kwa niaba ya watu wanaokadiriwa kuwa milioni 14. Hoja ya walalamishi ilikuwa kwamba simu zao, hata zikiwa zimetulia bila kuguswa, zilikuwa zikituma na kupokea habari kwa manufaa ya kampuni, kwa data waliyoilipia wao. Kampuni ilijitetea kwamba huduma hizo ni muhimu kwa usalama na utendaji wa simu, tena kwamba watumiaji walikwisha kuziridhia katika masharti ya matumizi. Ikatangaza kuwa itakata rufaa. Rufaa tuwaachie mawakili. Linalonihusu mimi ni hilo neno "kuridhia".

Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya kufa kwake, alitufundisha kwamba yapo maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Anayesema "naahidi" amekwisha kuahidi, na anayesema "nimekubali" mbele ya kadhi ameoa, hata kama usiku atajuta. Lakini Austin alisisitiza pia kwamba tendo la namna hii lina masharti yake, na masharti yasipotimia tendo huwa batili au lenye kasoro. Sasa tujiulize: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayebonyeza "Nakubali" chini ya kurasa chungu nzima za Kiingereza cha wanasheria, katika kioo kisichozidi kiganja, akiwa na haraka ya kuona ujumbe wa mama yake, ametenda tendo gani hasa? Mimi nasema hajakubali lolote. Amefungua mlango tu, kwa kuwa hakukuwa na mlango mwingine. Sheria yetu wenyewe ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu habari za kibinafsi wala si bando, lakini imeieleza idhini vizuri: iwe wazi, iwe huru, iwe mahususi, na itolewe na mtu aliyefahamishwa. Tukikichukua kipimo hicho na kukipeleka kwenye vitufe vyetu vya kila siku, ni "nakubali" ngapi zitakazopona?

(Ajabu ni kwamba neno "data" limebeba mizigo yote miwili. Data yangu ni habari zinazonihusu, na data yangu ni zile megabaiti nilizonunua. Mtu akisema kampuni fulani "inachukua data yangu", hujui alalamikia siri zake au salio lake. Pengine zote mbili, kwa kuwa ya kwanza husafiri kwa nauli ya pili.)

Penye idhini ya jina tu, mwenye kuamua ni yule aliyepanga mambo kabla simu haijafika mikononi mwetu. Wanaistilahi wameiita hali hiyo "chaguo-msingi". Ni neno zuri kwa sura, ila lina kichekesho ndani yake, kwa kuwa ni chaguo ambalo mtumiaji hakulichagua. Mwishoni mwa mwaka 2013 Facebook ilianza kuzifanya video zijicheze zenyewe mtu anapopitisha macho. Mwaka 2015 Apple ilitia katika iPhone mbinu ya kuhamia data ya simu kila mawimbi ya Wi-Fi yanapodhoofu, ikaiacha imewashwa hadi mwenye simu aijue na kuizima. Haikuchukua muda watu wakawa mahakamani huko Marekani. Hakuna njama katika mambo haya, kwa maoni yangu. Kuna mhandisi mwenye Wi-Fi nyumbani, Wi-Fi kazini na Wi-Fi mkahawani, ambaye kwake data ni kama hewa. Hakumfikiria msichana wa chumba cha kupanga karibu na chuo, anayenunua data ya shilingi 50 jinsi mama yake alivyokuwa akinunua mafuta ya taa kwa kipimo cha kibaba, na ambaye kuna siku hulazimika kuchagua kati ya kipimo hicho na chakula cha mchana. Kwake, video iliyojicheza dakika tatu bila kuitwa imekula sahani.

Na katika kila kipimo serikali nayo ina fungu lake. Ushuru wa bidhaa unaotozwa huduma za simu na data ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021, ukashushwa hadi asilimia 15 mwaka 2023, mbali na ile kodi ya ziada ya thamani ya asilimia 16. Kwa hivyo hata tangazo la sabuni ambalo hatukuliomba tunalilipia kodi ya kuletewa.

Aliyechoka kuliwa afanyeje? Aanze kwa kusoma. Katika mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao, pana ukurasa wa matumizi ya data. Hapo simu yenyewe huungama, programu moja baada ya nyingine, ni kiasi gani kila moja imekula. Ukibonyeza jina la programu katika simu nyingi za Android utaona hesabu imegawanywa mara mbili: kilicholiwa programu ikiwa wazi mbele yako, na kilicholiwa chinichini. Huu ni ukurasa wenye manufaa kuliko ushauri wowote wa jirani, kwa kuwa mlaji wa simu yako siye mlaji wa simu ya mwenzako. Nimewahi kuwapa wanafunzi kazi ya kuusoma ukurasa huo na kuniandikia aya moja. Wengi walikuwa wamekuja na mshukiwa wao tayari, wakakuta mwizi ni mwingine.

Mlaji akishajulikana, dawa zake si ngumu. Programu unayoihitaji tu ukiifungua izuie isitumie data chinichini. Tangu toleo la saba la Android, lililotoka mwaka 2016, simu hizo zina kitu kiitwacho Kiokoa Data, ambacho huzifungia programu zote chinichini isipokuwa zile ulizozipa ruhusa kwa majina. Mtu atoe ruhusa kwa programu ya ujumbe na ya barua pepe, zilizobaki zingoje zamu. iPhone zilipata mpango unaofanana na huo mwaka 2019. Duka la programu liamriwe kusasisha kwa Wi-Fi pekee. Nasema kwa Wi-Fi, sisemi pasiwe na kusasisha, kwa kuwa simu isiyosasishwa ni nyumba yenye kufuli bovu, na wapo wanafunzi ambao kwa kubania data wameacha milango wazi kwa miaka. Katika WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, ondoa alama zote kwenye orodha ya vitu vinavyojipakua unapotumia data ya simu. Picha na video zitafika zikiwa na ukungu, nawe utachagua ya kufungua. Ujumbe wa sauti hujipakua vyovyote vile, lakini huo si tatizo, kwa kuwa dakika tano za sauti huwa ni kama megabaiti moja au mbili. Katika YouTube, kushusha ubora wa picha kutoka 1080 hadi 480 hupunguza ulaji kwa zaidi ya nusu, na kwa muhadhara wa mtu aliyesimama mbele ya ubao sijui anayehitaji kuona vinyweleo vyake.

Kuna jambo moja ambalo nataka nilikalie kidogo, kwa sababu ndilo linalowamaliza wanafunzi wa vyuo na halisemwi. Mwanafunzi ana tarakilishi ya kupakata na ana simu. Anawasha ile inayoitwa hotspoti, yaani anaifanya simu igawe mtandao wake, kisha anaiunganisha tarakilishi ili aandike kazi ya darasa. Tarakilishi inaona nini? Inaona Wi-Fi. Haijui kwamba Wi-Fi hii ni kibaba cha mafuta ya taa. Inasema moyoni, naam, leo tumefika penye neema, na papo hapo inaanza kupakua masasisho ya Windows yaliyorundikana wiki tatu, kupeleka mafaili winguni, na kusawazisha kila kitu kilichokuwa kikingoja. Nusu saa haijapita na gigabaiti imekwenda, mwanafunzi akiwa bado anatafuta kichwa cha insha. Simu ya rafiki iliyokaribishwa kwenye hotspoti hiyo hiyo nayo huweza kufanya vivyo hivyo: ilikuwa imeagizwa kupakua video kwa Wi-Fi pekee, na sasa Wi-Fi imepatikana. Ukarimu wa Kiafrika haukuwazia mgeni wa aina hii. Dawa ipo, nayo ni kuiambia tarakilishi ukweli. Katika Windows 10 na 11, kwenye sifa za mtandao uliounganishwa nao, pana swichi ya kuutangaza kuwa ni mtandao unaopimwa. Ukiiwasha, mengi ya hayo masasisho husubiri. Simu za Android nazo zina swichi ya namna hiyo kwa kila Wi-Fi. Swichi zote mbili zimefichwa mahali ambapo mtu hafiki kwa bahati.

Sasa niwageukie walimu wenzangu, kwa kuwa katika orodha ya wanaomaliza bando la mwanafunzi, sisi tumo, na si mwishoni. Mwalimu huchukua kitabu, akapiga picha kurasa 40 kwa simu yake, akazituma kama nyaraka kwenye kundi la darasa lenye wanafunzi 60. Kazi imekwisha, anaenda kunywa chai. Tupige hesabu. Picha ya simu ya kisasa ikiachwa bila kubanwa ni kama megabaiti 3. Kurasa 40 ni megabaiti 120. Wanafunzi 60 ni megabaiti 7,200, yaani zaidi ya gigabaiti 7 zilizonunuliwa na wazazi wa watu. Maneno yale yale yangepigwa chapa? Kiswahili huandikwa kwa alfabeti ya Kirumi, ambayo kila herufi yake hukaa katika baiti moja. Ukurasa wa maneno 300 ni kilobaiti 2 hivi. Kurasa 40 ni kilobaiti 80. Picha zimekula mara 1,500 ya kilichohitajika, na juu ya hayo haziwezi kutafutwa neno, wala kunakiliwa, wala kusomewa mwanafunzi asiyeona. Makala haya unayoyasoma, herufi kwa herufi, hayafikishi kilobaiti 20. Picha moja ya megabaiti 3, hata ikiwa ni ya ukuta mtupu, ingeyabeba mara 150.

Haya hayahitaji fedha wala kamati. Yanahitaji mwalimu akae apige chapa, au aombe kijana mmoja mwenye vidole vyepesi amsaidie. Penye lazima ya picha, kuna programu za bure za kuibana iwe robo ya uzito wake au chini ya hapo. Na zile video za kutakiana asubuhi njema, zenye mawaridi yanayochanua na kinanda, tuzipeleke kwa wake zetu na waume zetu.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona tulipata somo ambalo naona tumelisahau haraka. Vyuo vilihamia kwenye mikutano ya video, na mkutano wa video waweza kula gigabaiti nzima kwa saa moja au hata zaidi. Mkutano huo huo kwa sauti tupu haufikishi megabaiti 100. Wakati ule ule, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa ikipeleka masomo ya shule kwa redio kupitia KBC, na redio haina bando. Nadhani chuo kinachofundisha mtandaoni hakina haki ya kumlazimisha mwanafunzi aiwashe kamera yake ili ithibitike kwamba yupo. Kuwapo kwake kuthibitishwe kwa maswali. Mwanafunzi anayelipa karo kisha akalipia pia uso wake uonekane analipishwa mara mbili.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba tangu nyaya za chini ya bahari zitie nanga Mombasa mwaka 2009 bei ya data imeporomoka, kwamba tangu Oktoba 2019 Safaricom inauza data isiyo na tarehe ya kuisha, na kwamba mhadhiri wa isimu angefanya vyema kurejea kwenye irabu zake. Bei imeshuka, ni kweli, lakini ulafi wa programu umepanda, na anayepima ahueni ya mnunuzi kwa bei ya megabaiti ni sawa na anayepima shibe kwa bei ya sahani. Ama bando lisilo na tarehe ya kuisha, hilo ni jambo la kupongezwa, lakini tarehe siyo iliyokuwa ikila video. Tena, tazama kitenzi: hata hapa lugha ya biashara imeshikilia "kuisha".

Kwa kweli kampuni zetu za simu haziwezi kusemwa kwamba hazijui Kiswahili. Okoa Jahazi, Fuliza, Lipa na M-Pesa, Tunukiwa. Hilo la mwisho ningeweza kulifundisha kwa kipindi kizima: mtu hanunui, anatunukiwa. Walioyateua majina haya wana sikio ambalo washairi wangelitamani. Basi kwa nini Kiswahili hiki kitamu kiwe cha kuuzia, na masharti marefu yanayosema nini kitakatwa, lini na kwa sababu gani, aghalabu yabaki kwa Kiingereza? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Visomwe pamoja vifungu hivyo viwili. Mtu aliyeelezwa kwa lugha asiyoielewa hajaelezwa.

Sehemu yetu sisi wa madarasani ni kubwa zaidi ya hiyo. Mtaala wa umilisi umeutaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa stadi saba za msingi, na vitabu vingi vya Kiswahili nilivyoviona vinautimiza wajibu huo kwa msamiati: kibodi, kipanya, kiwambo, na mchoro wa tarakilishi wenye mishale. Mtoto anafuzu akijua kuita kipanya kwa jina lake, naye hajawahi kukigusa, kwa kuwa nyumbani kwao kuna simu moja ya mguso, ya baba, inayozunguka kwa watoto wanne jioni. Simu hiyo ndiyo tarakilishi ya familia. Ukurasa wake wa mipangilio ni ufahamu ulio tayari: una istilahi, una vitenzi vya kuamuru, una sentensi zinazomficha mtendaji. Vyuo vya ualimu vingeweza kuutumia kama zoezi la tafsiri, ili walimu wabishane wenyewe kama ni chinichini au ni mandharinyuma, badala ya kungoja mabishano hayo yaamuliwe California. Shule za upili za bweni zinapiga marufuku simu, nami sina ugomvi na marufuku hayo. Lakini mwalimu ana yake. Kipindi kimoja cha dakika 40 chatosha kuupitia ukurasa huo na darasa zima, michoro ikiwa ubaoni. Shule isiyo na Wi-Fi ndiyo yenye kuhitaji kipindi hicho mapema kuliko zote, na ukurasa wenyewe hufunguka hata salio likiwa sufuri.